NENO "DHAMANA" BARAZANI NA KANISANI

Somo: Mwanzo 43:1-14, Waebrania 7:14-22



Yapo maneno ya sheria ambayo mtu wa kawaida hayasikii mpaka siku ile anaposhtakiwa. Lakini neno "dhamana" halikai barazani tu. Twalisikia Kyela mjini katika kituo cha polisi, twalisikia Ipinda katika chama cha kuweka na kukopa, twalisikia redioni, twalisikia kanisani siku ya ubatizo. Watu wengi hulitumia kila juma wala hawajiulizi limebeba nini. Kwa sababu hiyo wengine hulikimbia kama ugonjwa, na wengine huliuza kama samaki. Basi tumeona vema kulitazama neno hili mwezi huu, kwanza katika matumizi yake ya kila siku, kisha katika Maandiko Matakatifu, maana Maandiko yenyewe hulitumia kwa habari za Bwana wetu Yesu Kristo.

Neno hili lilitoka katika Kiarabu, nalo limezaa watoto wengi katika Kiswahili: kudhamini, mdhamini, udhamini. Yafaa tulitenge na ndugu zake watatu wanaofanana nalo. "Amana" ni kitu cha mtu unachomtunzia. Ni chake, nawe utamrudishia. "Rehani" ni kitu chako unachomwachia mkopeshaji, akishike mpaka ulipe. "Arabuni" ni sehemu ya kwanza ya malipo, inayotolewa ili kuonyesha kwamba sehemu iliyobaki itakuja. Lakini "dhamana" katika maana yake ya asili ni neno la mtu asemaye: Huyu akishindwa, niulizeni mimi. Katika rehani kinashikwa kitu, bali katika dhamana anashikwa mtu.

Tazameni sasa jinsi linavyotumika. Waziri huitwa waziri mwenye dhamana ya kilimo au ya afya, maana yake mambo hayo yakiharibika ndiye atakayeulizwa. Chama cha TANU kilichoanzishwa mwaka 1954 kiliweka katika ahadi za wanachama wake kwamba cheo ni dhamana, yaani mwenye cheo atadaiwa hesabu yake. Serikali ikikopa fedha kwa watu kwa muda mfupi kwa njia ya Benki Kuu, karatasi hizo huitwa dhamana za Serikali, kwa kuwa Serikali yenyewe imejifunga kulipa. Mali na viwanja vya kanisa hushikwa na Bodi ya Wadhamini, nao hawavishiki kwa faida yao. Katika ubatizo wapo wasimamizi wa mtoto, na mahali pengine huitwa wadhamini, kwa sababu wamejibu mbele ya Mungu na mbele ya usharika kwamba mtoto huyu atalelewa katika imani.

Siku hizi yapo pia matumizi mengine yaliyo mepesi. Kampuni ikitoa jezi na mipira huitwa mdhamini wa mashindano. Hatusemi ni vibaya. Lakini mdhamini wa namna hiyo timu ikifungwa hadaiwi kitu, na jina lake limekwisha kusomwa na watu wote uwanjani. Neno lililokuwa zito limekuwa jepesi, na hatari yake ni hii, kwamba tukiisha kulizoea katika maana nyepesi, twadhani kudhamini ni kuandika jina tu.

Barazani halijawa jepesi. Tuseme kijana wa kijiji chetu amekamatwa kwa shtaka la wizi wa kakao. Bado hajahukumiwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa lake halijathibitishwa. Kwa hiyo sheria yaruhusu, katika makosa mengi, kwamba aende nyumbani angoje siku ya kesi yake, maadamu yuko mtu wa kusema: Nitamleta. Mtu huyo huja na kitambulisho chake na barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, hutia sahihi yake, na katika hati hiyo huandikwa kiasi cha fedha. Fedha hizo si bei ya kijana, wala kwa kawaida hazilipwi siku ile. Ni deni linalolala. Kijana akija siku zote alizoitwa, deni halitaamka kamwe. Akitoroka, deni laamka, nalo laingia katika nyumba ya mdhamini. Mali yake yaweza kukamatwa, na akikosa mali aweza hata kufungwa. Nasi tukaao karibu na mto Songwe twajua jinsi ilivyo rahisi mtu kuvuka usiku akaingia Malawi, akamwacha aliyemdhamini peke yake mbele ya hakimu.

Yako mashtaka ambayo sheria haikuyaruhusia dhamana, kama uuaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Jambo hili limebishaniwa sana mbele ya majaji. Mwaka 1991, katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu moja ya kifungu kilichonyima dhamana. Katika hukumu ile Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba Katiba yetu huziweka pamoja haki za mtu mmoja na haki za jumuiya, na tena huziweka haki pamoja na wajibu. Mwezi wa Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu kinachonyima dhamana kwa mashtaka makubwa chapingana na Katiba. Lakini tarehe 5 Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Hatuandiki haya ili kuwaamulia majaji. Twayaandika ili msomaji aone kwamba dhamana si fadhili ya askari wala ya karani. Ni jambo la haki, linalopimwa kwa sheria, nalo lina pande mbili: uhuru wa mtu mmoja, na ahadi ya jumuiya kwamba mtu huyo hatapotea.

Kwa hiyo yatupasa kusema wazi neno moja. Dhamana ya polisi haina malipo. Mkristo akiombwa fedha mfichoni ili ndugu yake atoke, hiyo si dhamana, ni rushwa, hata ikiitwa kwa jina la dhamana. Vile vile mtu akaaye nje ya mahakama akijitoa kuwa mdhamini wa mtu asiyemjua, kwa ujira wa elfu chache, ameuza neno lake mwenyewe. Ameahidi kumleta mtu ambaye hata nyumba yake haijui. Mahakama ilitaka mtu wa kushikwa, naye ameipa karatasi tu.

Sasa na tuingie katika Maandiko. Njaa ilikuwa nzito katika nchi ya Kanaani. Wana wa Yakobo walikuwa wamekwenda Misri mara ya kwanza, na Simeoni amebaki huko kifungoni. Yule mkuu wa nchi amesema hawatauona uso wake tena bila mdogo wao Benyamini. Yakobo hataki kumtoa. Basi wanawe wawili wakajaribu kumwondolea hofu, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni Reubeni, katika sura ya 42. Yeye alimwambia baba yake kwamba asipomrudisha Benyamini, na awaue wanawe wawili. Liangalieni neno hili vizuri. Reubeni ametoa maisha, lakini si yake. Ametoa watoto ambao hawakuulizwa. Na babu atafarijiwaje kwa kuua wajukuu wawili baada ya kumpoteza mwana? Yakobo alikataa.

Wa pili ni Yuda, katika sura ya 43. Yeye hakutaja mtoto wala ng'ombe wala fedha. Alisema yeye mwenyewe atakuwa mdhamini wa kijana, na kijana adaiwe mkononi mwake. Asipomleta, lawama iwe juu yake siku zote. Hapo Yakobo alikubali, ijapokuwa kwa uchungu.

Sisi watu wa kaskazini ya ziwa tunayo sababu ya kuielewa tofauti hii ya Reubeni na Yuda. Katika nchi za kati ya Nyasa na Tanganyika, kabla ya mwaka 1900, siku za vita na biashara ya watumwa, ilikuwapo desturi ya kumtoa mtu ili kutuliza deni au kosa la jamaa yake. Mara nyingi aliyetolewa alikuwa mwanamke au mtoto. Bibi Elise Kootz-Kretschmer wa misioni ya Moravian aliziandika habari za maisha za wanawake wa namna hiyo waliopitishwa mkono kwa mkono. Hiyo ndiyo njia ya Reubeni: mkubwa hutenda, mdogo hulipa. Wala njia hiyo haijafa kabisa. Baba anapokopa fedha za mfanyabiashara kwa mpunga ungali shambani, kisha mafuriko ya Kiwira au Mbaka yakauchukua mpunga, na binti akaachishwa shule aolewe ili deni lipungue, hapo Reubeni angali akisema.

Lakini yuko na ajabu nyingine katika habari za Yuda. Rudini nyuma mpaka sura ya 38. Huko Yuda alimdanganya Tamari mkwewe, akamnyima haki yake. Na alipodaiwa, alitoa rehani: muhuri wake, na kamba yake, na fimbo yake. Siku ile alitoa vitu. Miaka ikapita, naye katika sura ya 43 anajitoa mwenyewe. Na katika Kiebrania neno la rehani ile na neno la dhamana hii ni la shina moja. Mtu ni yule yule, na shina la neno ni lile lile, lakini moyo umegeuzwa. Halafu siku ya kulipa ikaja. Kikombe kilionekana katika gunia la Benyamini, na katika sura ya 44 Yuda hakukimbia. Alikaribia, akaomba yeye awe mtumwa mahali pa kijana, na kijana aende kwa baba yake pamoja na ndugu zake. Deni lililolala limeamka, na mdhamini amesimama mbele.

Sasa someni Waebrania sura ya 7. Katika mstari wa 14 mwandishi akumbusha kwamba Bwana wetu alitoka katika kabila ya Yuda. Mistari minane mbele, katika mstari wa 22, amwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Katika Agano Jipya lote hakuna mahali pengine anapoitwa kwa jina hilo. Mwana wa Yuda amefanya kazi ya Yuda, ila kwa ukamilifu. Yuda alisema yuko tayari kuwa mtumwa, na Yusufu hakumchukua. Lakini Kristo alichukuliwa. Yuda alimdhamini ndugu ambaye katika jambo la kikombe hakuwa na kosa. Kristo alitudhamini sisi tulio na kosa kweli. Mdhamini wa barazani humleta mshtakiwa mpaka mlangoni, kisha hukumu ni ya mshtakiwa peke yake. Mdhamini wetu aliingia ndani, na hukumu akaipokea yeye. Ndiyo maana Katekisimo Ndogo hutufundisha tangu utoto kwamba ukombozi wetu haukulipwa kwa madini ya thamani, bali kwa damu yake.

Hapo msomaji mwenye bidii atatuuliza: Mbona Mithali yakataza? Ni kweli. Mithali sura ya 6 yamwambia aliyemdhamini mwenzake ajiponye upesi kama paa mkononi mwa mwindaji. Na sura ya 22 yaonya kwamba mtu asiye na kitu cha kulipa ataondolewa hata kitanda chake. Naye Martin Luther, katika kitabu alichokiandika mwaka 1524 juu ya biashara na riba, alionya kwa ukali juu ya kudhamini madeni. Alisema mdhamini wa namna hiyo anashika mahali pa Mungu, kwa kuwa anaahidi mambo ya kesho ambayo hayamo mkononi mwake, na yule mwenye kukopesha anamtegemea mwanadamu kana kwamba ndiye Mungu.

Maonyo hayo hayashindani na Injili. Yanalinda neno lisichezewe. Sulemani hasemi kwamba upendo ni upumbavu. Asema ni upumbavu kupeana mikono juu ya deni usilolijua la mtu usiyemjua, kwa mali usiyo nayo. Katika vyama vyetu vya kuweka na kukopa mambo haya yaonekana wazi. Wanachama watano hudhaminiana, kila mmoja akitia sahihi kwa haraka ili naye atiliwe sahihi. Mmoja ahama na fedha, na mama mjane aliyeweka akiba kidogo kidogo aona bati la nyumba yake laandikwa. Wale walioweka sahihi hawakumpenda mwenzao. Walitaka zamu yao ifike. Mithali imesema kwa ajili ya mjane huyo.

Basi Mkristo adhamini lini, na kwa namna gani? Mtume Paulo atuonyesha katika waraka kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake, na yawezekana alikuwa na deni. Paulo alimjua, amwita mwana aliyemzaa kifungoni. Tena Paulo hakusema maneno ya hewani, bali aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba deni liandikwe juu yake, naye atalipa. Na hakumficha Onesimo. Alimrudisha kwa Filemoni. Hayo matatu yatosha kuwa kipimo. Je, namjua mtu huyu, na nyumba yake, na jamaa yake? Je, kiasi kilichoandikwa naweza kukilipa bila kuwanyang'anya watoto wangu chakula, yaani natoa changu, si cha wengine kama Reubeni? Je, nitamrudisha, nimwamshe alfajiri siku ya kesi, nifuatane naye mpaka mahakamani? Asiyeweza kuyajibu haya na aseme hapana kwa upole, wala asijione mwenye dhambi. Aliyekwisha kutia sahihi naye akaona mshtakiwa anataka kutoroka, na aende mahakamani mapema kuomba aondolewe dhamana. Hilo si usaliti. Yeye aliahidi kumleta mtu, hakuahidi kumficha.

Lakini anayeweza, na asikimbie. Hili ndilo linalotusumbua kuliko yote. Twaona ndugu wa ushariki mmoja, waliokula Meza moja ya Bwana, mwenzao akikamatwa, kila mmoja ana safari: huyu ana msiba Matema, huyu ana shamba Ipinda, huyu simu yake imezima. Wazee wetu Wanyakyusa walikaa katika vijiji vya rika, majirani wakala pamoja na kuzungumza pamoja, na kosa la mmoja mara nyingi lililipwa kwa ng'ombe wa ukoo. Hatutaki kurudisha kila desturi ya zamani. Lakini ni aibu kama wale walioungana kwa ng'ombe walisimama pamoja, na sisi tulioungana kwa ubatizo mmoja tukaachana. Kule Thesalonike, katika Matendo sura ya 17, watu walipomkosa Paulo walimkokota Yasoni aliyemkaribisha, naye akatoa dhamana pamoja na ndugu wengine. Yasoni hakuwa mtume. Hatusikii kwamba alihubiri hata mara moja. Alikuwa na nyumba, na jina jema mjini, naye akaviweka vyote viwili hatarini kwa ajili ya ndugu.

Na wewe uliyedhaminiwa, sikia neno lako. Uhuru unaotembea nao si wako peke yako. Yuko mtu nyumbani kwake ambaye usiku akisikia pikipiki ashtuka, akidhani ni habari zako. Ukivuka Songwe, umeufunga mlango juu ya wote watakaokamatwa baada yako, maana hakuna atakayesimama tena. Nenda katika kesi yako hata kama unaogopa. Kuja kwako siku uliyoitwa ndiyo asante ya pekee ambayo mdhamini wako aitaka.

Wapenzi, Ayubu katika sura ya 17, alipoona rafiki zake wote wamemhukumu, alimwomba Mungu mwenyewe amwekee dhamana, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kupeana naye mkono. Ombi lile limejibiwa katika Kristo. Hatutembei duniani kama watu walionunuliwa kwa rushwa, wala kama watoro, bali kama watu waliodhaminiwa. Siku ya mwisho tutaitwa kwa majina, nasi tutakuja. Mdhamini wetu atakuwapo, na alama za misumari mikononi mwake zitaonyesha kwamba deni limekwisha kulipwa.

Ee Bwana Yesu, uliyejitoa mwenyewe wala hukumtoa mwingine, utufundishe kusimama kwa ajili ya ndugu zetu kwa akili na kwa upendo; uwalinde waliotia sahihi kwa ajili ya wengine, uwarudishe waliotoroka, uwatazame walio mahabusu wasio na mtu wa kuwasemea. Amina.